Mombasa kuna baridi gani? Maswali yenu ya pikipiki msimu wa kusi

Kusi, ule upepo wetu wa kusini, limeshakaza, mvua ya mwaka imepungua lakini manyunyu ya alfajiri bado yapo, na barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wa pikipiki. Si boda peke yao. Wengi ni makarani, walimu, manesi, mafundi wa bandarini, watu wanaojiendeshea wenyewe kwenda kazini maana matatu zimepanda na foleni haziishi. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Na wale wanaouliza eti kwani Mombasa kuna baridi, hao ni wa kiti cha dirishani kwenye matatu na dirisha lenyewe wamelifunga, hebu wapande daraja la Nyali alfajiri ya mwezi wa saba na shati la mikono mifupi halafu tuongee.

Ami salaam aleikum. Natoka Mtwapa naingia town kila siku na Boxer, saa kumi na moja na nusu nishatoka. Tangu mwezi wa sita nafika kazini vidole vimekufa ganzi na meno yanagongana, wenzangu wanacheka eti mtu wa pwani akipulizwa kidogo anakufa. Nataka ninunue jaketi zito la ngozi mitumbani, ni sawa? — Msomaji, Mtwapa

Waaleikum salaam mwanangu. Waache wacheke. Alfajiri za mwezi wa saba na wa nane huku kwetu joto linashuka mpaka nyuzi 21 hivi, mchana linapanda 27 au 28, na ukisimama barazani na kahawa yako hiyo si baridi ya kumwambia mtu. Lakini wewe husimami. Mwili wako unapasha hewa kidogo inayokaa karibu na ngozi, na hiyo ndiyo inayokuweka vizuri, sasa ukienda kasi ya 70 upepo unaiondoa kila sekunde na mwili unaanza kupasha upya, tena bila kupumzika mpaka ufike. Ongeza na shati lililolowa umande au manyunyu au hata jasho lako mwenyewe, maji yakikauka yanaondoka na joto la mwili. Kwa hivyo mtu wa pikipiki Mombasa hapigani na baridi, anapigana na upepo na maji, na ukilishika hilo hutatupa pesa.

Ndio maana jaketi la ngozi mimi silipendi kwa safari yako. Ukianguka litakusaidia, hapo sibishi. Lakini likilowa na hewa yetu hii yenye unyevu halikauki upesi, linaota kuvu, halafu saa kumi jioni unarudi nalo kwenye foleni ya Kongowea jua linakuchoma na wewe umejifunga ngozi ya ng'ombe. Nenda hapo hapo Kongowea kwenye mitumba utafute jaketi jepesi la nailoni, lililobana mikononi na shingoni. Kabla hujalipa fanya hivi: weka kitambaa chake mdomoni upulize kwa nguvu na kiganja kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, basi upepo wa barabarani nao utapita, rudisha. Ndani vaa fulana na sweta jembamba, usivae sweta nje, sweta ni matundu matupu, halizuii upepo hata kidogo.

Umewaona boda wanavyovaa jaketi kinyume, zipu mgongoni? Watu wanadhani ni fasheni lakini wana akili, upepo unapenyea kwenye zipu na vifungo, wao wameuelekeza mgongoni. Ubaya wake ukipata ajali kulivua ni kazi, na wengine kofia ya jaketi inawakaa kidevuni inawaziba wakitaka kugeuza shingo kuangalia nyuma. Mimi naona bora lenye zipu iliyofunikwa. Ukikosa, karatasi za gazeti la jana ukizikunja ndani kifuani zinafanya kazi hiyo hiyo, bure. Shingoni zungusha kikoi au leso ncha zote uziingize ndani, usiache kitu kinapepea.

Vidole ndio vinavyopulizwa mwanzo maana viko mbele hewani. Tafuta glavu nyembamba zisizopitisha upepo, na siku ya mvua chini yake vaa zile za plastiki za hospitali, utanishukuru. Kuna zile kava kubwa za kushonwa zinazofungwa kwenye usukani, ni nzuri, ila jaribu pikipiki ikiwa imesimama uone mkono unaifikia breki na klachi bila kutafuta, na ukiutoa ghafla hauzuiliki. Halafu kumbuka mwezi wa saba jua letu linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo saa yako ya kutoka ni giza tupu. Reflekta iwe juu ya kila kitu, juu ya koti la mvua pia. Naona wengi wanaivaa mwanzo halafu wanaifunika na koti jeusi, sasa hapo umemvalia nani?

Mamangu ananipigia kelele kila siku kwamba upepo wa pikipiki utanitia nimonia, ananilazimisha nivae kinga ya kifua. Ni kweli nimonia inatokana na upepo? — Kijana wa Mikindani

Kinga ya kifua vaa, na mama msikize. Nimonia lakini inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi, upepo peke yake hauwezi kuitengeneza kifuani mwa mtu. Unavipata zaidi kwa kukaa na wagonjwa wanaokohoa mahali padogo pasipo hewa, na msimu huu tunafunga madirisha sana. Lakini mtu akishinda na nguo iliyolowa anachoka, na ukichoka barabarani unakosea, hiyo peke yake inatosha kukubaliana na mama.

Ninachokiogopa ni kijana anakohoa wiki mbili, tatu, anasema "ni upepo tu wa pikipiki," anakunywa tangawizi na asali. Kikohozi kisichoisha, tena kama kuna jasho la usiku au unakonda, nenda ukapimwe TB. Hospitali za serikali vipimo na dawa za TB ni bure.

Ami, mimi ni mwalimu, naendesha skuta kutoka Bombolulu mpaka Tudor na navaa baibui. Msimu huu wa kusi pale darajani upepo unanisukuma mpaka nahofia, na baibui linapepea. Kuna mtu kaniambia baibui na pikipiki haviendi pamoja, niache. — Dada wa Bombolulu

Dada yangu, vinaenda. Huyo aliyekwambia uache muulize yeye na kanzu yake siku ya Ijumaa anaendaje msikitini na pikipiki, maana kanzu nayo ni kitambaa kirefu vile vile.

Hatari yenyewe ni moja, kitambaa kuingia kwenye gurudumu la nyuma au kwenye cheni. Kikishikwa hakichaniki kikakuachia, kinakuvuta chini. Skuta yako ina mkanda uliofunikwa badala ya cheni kwa hivyo umepunguza nusu ya balaa, limebaki gurudumu. Vaa suruali ndani, kusanya pindo la baibui ulikalie, halafu juu yake vaa jaketi la mvua lenye mpira kiunoni, hilo linabana kila kitu na upepo haupati pa kushika, hapo umepata kinga ya baridi na ya ajali kwa nguo moja. Anayepata shida zaidi ni abiria wa kike anayekaa upande kwenye boda, miguu kushoto na nguo inaning'inia karibu na spoku. Kama una dada au binti anapanda boda mwambie akae kama dereva na akunje nguo mapajani, aibu ya dakika chache si kitu.

Mtandio: vaa ule wa kuingiza kichwani wa kitambaa laini, chini ya helmeti usiweke pini hata moja. Ukigonga kichwa pini inaingia pale ilipoelekea. Na siku ya kununua helmeti nenda umevaa mtandio wako, maana ukiijaribu kichwa kitupu utarudi nyumbani haikuingii, au utanunua kubwa kupita kiasi, na siku ukivaa mtandio mwepesi inazunguka kichwani.

Sasa daraja. Kusi linatoka baharini, kwa hivyo wewe ukiingia kisiwani asubuhi linakupiga ubavu wa kushoto na linakusukuma kulia, kwenye magari. Jioni ukirudi linakuwa kulia kwako, linakusukuma ukingoni. Kabla hujapanda daraja punguza mwendo, usishike usukani kama unaukaba, mikono ikikakamaa kila pigo la upepo linaingia moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, lakini skuta haina tangi hapo, basi kaza miguu chini na uegemee kidogo upande unakotoka upepo. Basi kubwa likikupita, upepo unakatika ghafla halafu unarudi kwa nguvu likishaondoka, hapo ndipo wengi wanayumba kwa sababu walikuwa bado wameegemea. Jiachie nafasi kila upande, usitembee juu ya mstari.

Pikipiki yangu asubuhi haiwaki, fundi amesema ni baridi na betri imekufa ninunue mpya. Nimenunua, bado. — Msomaji, Changamwe

Pole. Nyuzi 21 haziui betri, hizo ni habari za nchi za theluji. Huku betri zinauawa na joto, zinachemka kaskazi nzima, msimu wetu wa joto, mwezi wa pili na wa tatu, zinadhoofika polepole, halafu asubuhi moja ya kusi inakataa na lawama anapata kusi. Tena fundi alitakiwa aipime kabla hajakutuma dukani. Betri nzuri iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5. Kama haipandi, ni mfumo wa kuchaji ndio mgonjwa, na hiyo mpya nayo utaizika.

Piga kiki. Ikiwaka kwa kiki lakini kwa stata haiwaki, angalia umeme, waya na viungo vya betri vilivyoota ile unga nyeupe. Ikikataa yote mawili, tafuta maji. Kofia ya plagi ikilowa moto unapotea, ivue uikaushe kabisa. Halafu maji kwenye petroli: yanaingia kwenye tangi kupitia mfuniko, au tangi likilala nusu tupu hewa yenye unyevu inageuka matone ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya kabureta. Kuna skrubu ndogo pale chini, ifungue uchuruze kidogo kwenye chupa nyeupe uache itulie, maji utayaona yamejitenga chini. Ukiyaona, churuza mpaka itoke petroli tupu. Na tangi lilale limejaa au karibu kujaa.

Ukifunika pikipiki kwa karatasi la nailoni mpaka chini pia unaifungia unyevu na chumvi usiku kucha. Turubai la juu tu, chini hewa ipite. Choki vuta inapowaka, ikishachangamka irudishe, usiende nayo mpaka kazini unanusa petroli.

Ami, mara mbili nimeteleza nikiingia feri Likoni kukiwa na manyunyu. Tairi zangu bado zina meno. — Wa Likoni

Meno ya tairi yanatoa maji, hayasaidii kitu kwenye chuma laini chenye mafuta, na lile bamba la kupandia feri linapita malori na magari kila saa, kila mmoja anadondosha chake. Siri ni kufanya kila kitu kabla hujaligusa. Breki ushike kwenye lami au zege, ukifika kwenye chuma uwe umenyooka, gia ya kwanza, mwendo wa mguu, mkono wa mafuta haukorogwi na breki ya mbele usiiguse kabisa. Miguu chini tayari. Ukiona umebanwa na tuktuk mbele usifuate mkiani, mwache apande kwanza mpaka ndani, akisimama ghafla kwenye bamba na wewe uko nyuma yake hapo huna la kufanya.

Hayo hayo ni ya vifuniko vya mitaro, viungo vya chuma vya madaraja na michoro nyeupe ya barabarani. Na dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko mvua yenyewe, ule mchanganyiko wa vumbi, dizeli na oili uliokaa barabarani unaelea juu. Huko Changamwe na Miritini wanakopita trela za bandarini mimi nikiona tone la kwanza nasimama chini ya kibanda ninunue hata mahamri, ninasubiri mvua ioshe kwanza. Kama barabara imejaa maji na chini hupaoni usiingie, kifuniko cha shimo huenda kilishaibwa kikauzwa chuma chakavu.

Tena kama kazi yako iko pande za Miritini au Mikindani, fikiria barabara ya Dongo Kundu, ilikamilika 2024, unaingilia Kibundani na feri unaisahau. Ila daraja la Mteza ni refu, linapita kilomita moja, liko wazi kabisa na kusi linapiga pale bila huruma. Yale niliyomwambia mwalimu wa skuta yanakuhusu na wewe.

Kioo cha helmeti kinajaa ukungu, nikikifungua mvua inanichoma macho. — Nesi wa zamu ya usiku, Kisauni

Tone moja la sabuni ya vyombo, paka ndani kwa kidole, acha ikauke, halafu futa kwa kitambaa kikavu laini mpaka uone safi. Inakaa siku mbili tatu, rudia. Dawa ya meno usipake, inakwaruza. Acha ufa wa kidole kimoja chini, na kitambaa ulichojifunga kisizibe pua, pumzi ielekee chini. Kama kioo chako kimekwaruzika sana, taa za magari ya mbele usiku zinatawanyika kama umetiwa maziwa machoni, nunua kipya. Na kile cheusi cha urembo zamu ya usiku kiache nyumbani kabisa.

Kutu! Cheni inaisha kila mara. — Wa Bamburi

Chumvi. Osha kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi kama wengi wa huko mnavyofanya. Cheni itie oili ya giaboksi jioni ukirudi, ikiwa bado ya moto, ipenye usiku kucha, ukitia asubuhi unapotoka yote inaruka kwenye rimu na suruali. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ni afadhali kuliko cheni kavu, lakini ina uchafu wa vyuma, usiifanye mazoea. Upepo wa tairi nao upime msimu huu ukiwa bado hujatembea, joto likishuka nyuzi 10 unapungua kama psi moja na nusu hivi bila pancha yoyote.

Ami nimepata uhamisho Nairobi kuanzia mwezi huu, nataka niende na pikipiki yangu ya 150. Wenyeji wa huko wananitisha na baridi. Nijiandaeje? — Msomaji, Majengo

Hongera, na wamekutisha kwa haki. Alfajiri ya mwezi wa saba Nairobi ni nyuzi 11, 12, karibu nusu ya kwetu. Huko sasa ndiko lile jaketi zito nililomkataza kaka wa Mtwapa lina kazi yake, na suruali mbili, na soksi mbili kama kiatu hakibani.

Njia ni kama kilomita 480. Usiende usiku, kwa sababu ya trela na kwa sababu kati ya Voi na Mtito Andei unapita katikati ya Tsavo, wanyama wanavuka, ndovu hana taa. Toka Mombasa kukipambazuka. Utaanza na fulana na mpaka Mackinnon Road utaona nimekudanganya, jua kali na vumbi, lakini unapanda mlima polepole bila kujua, ukifika pande za Emali na Sultan Hamud jioni inaingia na baridi imebadilika. Nguo nzito zisiwe chini ya mzigo ulioufunga kwa kamba mafundo kumi, ziweke juu uzivae Mtito Andei kabla hujaanza kutetemeka, maana mwili ukishapoa kuupasha tena juu ya pikipiki ni vigumu. Au ipakie kwenye lori upande basi, hiyo nayo si aibu.

Pikipiki yenyewe itakushangaza. Sisi tuko usawa wa bahari, Nairobi iko juu mita 1,700 na zaidi, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Kabureta iliyopangwa Mombasa haijui, inaendelea kumwaga petroli ile ile, basi inakula mafuta, plagi inakuwa nyeusi na masizi, mlima inapanda kwa kusita. Fundi wa kwanza utakayempata atakwambia pistoni imeisha. Mwambie aangalie plagi, kisha apunguze mchanganyiko kwenye kabureta, na skrubu ilikuwa mizunguko mingapi uandike mahali, ukija likizo Disemba uirudishe hapo hapo kabla injini haijapata joto kupita kiasi.